Kabla Hujavua Sare: Maneno kwa Wauguzi Wanaoanza Kazi

Mgeni wa heshima, mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliotoka Lamu, Garsen, Taveta na Vanga kuja kuwashuhudia watoto wenu, na nyinyi wanangu mnaomaliza leo: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo. Itifaki imezingatiwa. Nimeitwa kuzungumzia afya ya akili ya mhudumu wa afya wakati wa janga, na kwa kuwa wengi wenu mnaingia wodini hivi karibuni, sitaki kurudia yale ambayo walimu wenu wameshawapa darasani. Nitawazungumzia daftari la ripoti.

Daftari lile mnalijua. Saa moja unusu asubuhi, anayetoka na anayeingia wanapita kitanda baada ya kitanda. Jina, umri, siku ya ngapi wodini, dawa ya mwisho amepewa saa ngapi, dripu imebaki kiasi gani, mkojo, presha, nani anasubiri majibu ya maabara. Kisha mnakwenda kwenye kabati la dawa kali, mnahesabu moja moja, funguo zinatoka mkono huu zinaingia mkono ule, mnatia saini. Ampuli ikipotea baada ya saini, atajibu aliyepokea. Utaratibu huu naupenda, umeokoa watu wengi. Ila tangu mwaka 2020 kuna jambo linanisumbua kuuhusu. Upo mzigo ambao hauna safu katika daftari lile. Hakuna anayeuhesabu, hakuna anayeutilia saini, na anayetoka zamu huondoka nao hadi nyumbani.

Ngoja niwape usiku mmoja tu.

Ilikuwa Novemba 2020, wimbi la pili la korona. Wodi ya kutenga wagonjwa ilikuwa na vitanda 12, sisi wauguzi wawili. Kitanda cha 6 alilala mzee mmoja mvuvi, viganja vyake vigumu kwa kuvuta kamba za nyavu. Oksijeni tulikuwa tumeifungua hadi mwisho, ile ya barakoa yenye mfuko, na bado namba kwenye kile kifaa cha kidole, kinachopima oksijeni kwenye damu, ilikuwa inashuka: 84, 81, 77. Chumba cha wagonjwa mahututi kilikuwa kimejaa. Daktari alikuja, akamtazama, akanitazama mimi, akasema tulicho nacho kimeishia hapa.

Binti yake alikuwa nje ya lango, haruhusiwi kuingia. Nilichukua simu yangu, nikaitia ndani ya mfuko wa plastiki, ile mifuko ya kubebea vichupa vya maabara, nikaufunga, nikampigia, nikaishika simu kwenye sikio la mzee. Mimi si Mwislamu, lakini nimezaliwa Pwani, na Yasini nikiisikia naijua. Binti aliisoma. Katikati sauti ikamkatika, akarudi aya ya nyuma, akaendelea. Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi. Glavu zimejaa jasho, miwani ya kinga imefunga ukungu, mzee namwona kama mtu aliye chini ya maji. Alipomaliza akaniuliza, "Sista, amesikia?" Nikamwambia amesikia.

Sikujua kama alisikia. Namba kwenye kidole ilikuwa imeshapotea kabla hajafika mwisho wa sura.

Asubuhi niliandika katika daftari: kitanda cha 6, amefariki saa tisa na dakika kumi usiku, jamaa wamearifiwa. Nikatia saini, mwenzangu akapokea. Nyumbani kwangu ni Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, basi nikapanda feri. Ikavuka, watu wakashuka, mimi nikabaki nimeshika chuma. Ikarudi kisiwani. Ikavuka tena. Safari ya tatu akaja mfanyakazi mmoja wa feri, akasimama mbali kidogo kama tulivyokuwa tukisimama zama zile, akaniuliza, "Mama, umepotelewa na nini?"

Nilishindwa kumjibu. Nikashuka, nikaenda nyumbani, nikaoga, nikalala, na jioni nikarudi kazini.

Nawaambia haya kwa sababu wakati ule sikujua kwamba ninaumwa. Nilijua dalili zote za maradhi ya akili, nimezifundisha hata. Lakini nilikuwa nazitafuta kwa wagonjwa. Friji nyumbani ikinguruma mimi naruka, nadhani ni kengele ya mashine ya oksijeni. Mjukuu wangu akiniambia kikohozi kimemshika namfokea kana kwamba amefanya kosa. Wali wa nazi ulikuwa mdomoni kama karatasi. Miezi minne hivyo. Ukiniuliza hali, nasema nimechoka.

Nataka tulitazame neno hilo, kwa sababu sisi watu wa wodini tumelibebesha vitu vingi mno. Mtu hajalala siku tatu, amechoka. Analia chooni, amechoka. Amefika mahali hataki kuamka kesho, naye pia amechoka. Jirani zetu wa Tanzania wanalo neno sonona, ndugu yake kusononeka, nalo linasema wazi kwamba kuna kitu kinauma ndani. Huku kwetu watu husema "ana mawazo", na mtu mwenye mawazo huambiwa asiwaze. Na mhudumu wa afya akithubutu kusema kidogo zaidi ya hapo, hujibiwa na wenzake neno moja: "Tumezoea." Nimelisikia miaka 31. Nimelisema mimi mwenyewe kwa wasichana wadogo waliotoka kufunika maiti yao ya kwanza. Leo najuta kila mara nilipolisema.

Sasa, korona ilitufikia vipi? Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa Machi 13, 2020. Kafyu ikaanza Machi 27. Aprili 8 Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Kilifi na Kwale zilifunguliwa Juni, Mombasa ikangoja hadi Julai 7. Mei, Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake. Mama yangu yuko Msambweni, Kwale, safari ya asubuhi tu. Miezi ile mitatu sikumwona, na hata barabara ilipofunguliwa niliogopa kwenda, nikihofu nitampelekea maradhi kwenye nguo zangu. Nilikuwa nampigia simu, nikimwambia ninakula vizuri.

Wengi wetu tulianza kuishi kama watu waliofanya jinai. Sare unaivulia hospitalini unaificha kwenye mfuko, kwa maana kondakta akiiona hakupandishi. Mwenzangu mmoja, mwenye nyumba alimpa siku mbili ahame, akidai wapangaji wengine wanalalamika. Alihamia kwenye chumba cha dada yake, akawa analala kwenye kochi, anakula kwa sahani yake peke yake. Kila akifika alikuwa ananawa mikono kwa Jik isiyozimuliwa. Ngozi ya vidole ikapasuka, na muuguzi mwenye vidole vilivyopasuka ni mtu aliyejifungulia mlango wa maradhi. Nilimwambia. Akanijibu kwamba asiponawa hivyo hasikii kuwa msafi.

Mkono wa mwenzangu huyo ulikuwa na karama. Mtoto mchanga aliyekaukiwa maji, mshipa hauonekani, tumeshamchoma mara nne hatupati, tunamwita yeye. Anashika kile kimguu, anafumba macho kidogo, anaingiza sindano, damu inarudi. Mwaka 2021 aliacha kazi. Sasa anauza nguo za mitumba Kongowea, na ukimkuta atakupokea kwa furaha, ila usimtajie wodi. Wanaohesabu hasara za janga huhesabu waliokufa, na ni haki wahesabiwe: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wahudumu wa afya wapatao 115,000 walikufa kwa korona duniani. Lakini ule mkono wa mwenzangu haumo katika hesabu hiyo, na mtoto atakayehitaji mshipa wake upatikane usiku wa leo hatajua kwamba kuna mtu alipaswa kuwepo.

Wazazi mlioko hapa mnaweza kuuliza, kwani hamkujua kwamba kazi yenu ni ya maradhi na vifo? Tulijua. Kifo chenyewe hakikutuvunja. Nimewahi kuketi na wagonjwa wa saratani hadi pumzi ya mwisho, nikatoka nikiwa na huzuni na bado niko mzima, kwa kuwa nilikuwa nimefanya nilichopaswa kufanya: maumivu nimeyatuliza, jamaa wapo, mkono umeshikwa. Kinachomvunja mhudumu ni kujua cha kufanya na kunyimwa cha kufanyia. Una mtungi mmoja wa oksijeni na wagonjwa wawili wanaoutaka. Una barakoa moja, umeambiwa uitumie juma zima. Anayekosa hewa anakutazama wewe, hamtazami aliyepanga bajeti. Ukitoka hapo umebeba hatia ambayo si yako, na hatia haiondoki kwa kulala.

Mwaka 2019, kabla hata ya korona, Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya mfanyakazi kuishiwa nguvu kabisa kwamba inatokana na msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa. Wakaiweka kwenye orodha yao kama jambo la kazi, hawakuiita ugonjwa wa mtu. Naomba walioko meza kuu wanisikilize vizuri hapa. Muuguzi akiishiwa, wa kwanza kuchunguzwa ni ratiba ya zamu, stoo na orodha ya mishahara. Naye atibiwe, ndiyo, lakini ukimtibu ukamrudisha palepale palipomvunja, umepoteza dawa yako.

Desemba 7, 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma nchi nzima, na madaktari wakafuata Desemba 21. Tulitukanwa sana. Tuliambiwa tumewaacha wagonjwa wakati wa janga. Yasomeni madai yale leo: vifaa vya kujikinga, bima, mishahara, mahali pa kutulaza tukiugua. Mwezi huohuo nchi ilimzika daktari wa miaka 28 aliyekufa kwa korona, na chama cha madaktari kikasema alikuwa amefanya kazi miezi kadhaa bila mshahara wala bima. Kijana wa miaka 28. Walioko mbele yangu hapa wengi wana miaka 23, 24. Mama aliyemzaa yule kijana huenda naye aliwahi kukaa kwenye hafla kama hii, amevaa leso yake nzuri, anapiga vigelegele.

Wakati mwingine nikifikiria tungefanya nini tofauti, akili hunipeleka Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2000. Ebola ilitambuliwa kule mwezi wa Oktoba. Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, iliongozwa na Dkt. Matthew Lukwiya, na yeye ndiye aliyetambua mapema kwamba wanafunzi wa uuguzi waliokuwa wanakufa wodini mwake hawafi kwa maradhi ya kawaida. Mlipuko ule ulipata watu 425 na kuua 224. Wafanyakazi wa Lacor waliokufa walizidi kumi. Ikafika siku wauguzi wakasema basi, hatuwezi tena. Wakakusanyika ukumbini. Lukwiya hakuwatumia barua ya onyo. Alikwenda kwao, akakaa nao saa nyingi, wakamwambia hofu yao usoni, naye akazungumza nao kama mtu ambaye hofu hiyo imo ndani yake pia. Wengi walirudi kazini. Yeye mwenyewe aliambukizwa akimhudumia muuguzi wake usiku, na akafariki Desemba 5, 2000. Wamemzika palepale hospitalini.

Kisa hiki husimuliwa kwa ajili ya ushujaa wake, na anastahili. Mimi hukipendea ule ukumbi. Mkubwa wa hospitali aliacha vyote akaketi kusikiliza. Wauguzi waliruhusiwa kusema "ninaogopa" mbele ya bosi na hakuna aliyefutwa.

Tena haya si mambo ya zamani yaliyopita. Septemba 2024 Rwanda ilitangaza maradhi ya Marburg, ndugu ya Ebola. Waliothibitishwa kuambukizwa walikuwa 66, na takriban wanane katika kila kumi walikuwa wahudumu wa afya. Fikirini hilo kwa utaratibu. Mgonjwa uliyemhudumia juzi amekufa, leo aliyelala kitandani ni yule mliyekula naye chakula cha mchana, na anayemwekea dripu anajipima joto kila baada ya muda. Kumi na watano walifariki. Wenzetu wa Kigali walifanya kazi iliyoshangaza dunia, hata wagonjwa wawili waliofika kwenye mashine ya kupumulia wakatolewa wakiwa hai, na Desemba 20 mlipuko ukatangazwa kwisha. Kwa mwananchi ulikwisha siku ile. Kwa aliyemfunga mwenzake ndani ya mfuko wa maiti, naamini kwa niliyoyapitia mwenyewe kwamba ndio kwanza ulikuwa unaanza.

Kwa nini hatusemi? Nitawaambia sababu ninazozijua.

Ya kwanza ni leseni na kazi. Muuguzi anaogopa akisema akili yake haijatulia ataondolewa wodini, ataandikwa kwenye faili, ataambiwa hafai kushika sindano. Woga huu si wetu peke yetu. Aprili 2020, huko New York, Dkt. Lorna Breen aliyekuwa akiongoza idara ya dharura aliugua korona, akarudi kazini, akazidiwa, na Aprili 26 akajiua. Familia yake ilieleza kwamba alihofu kutafuta matibabu ya akili kungemgharimu leseni yake. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria yenye jina lake, ya kuwalinda wahudumu wa afya kwa jambo hilihili. Ilibidi mtu kama yule apotee kwanza.

Hapa kwetu kulikuwa na la ziada. Kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilimfanya anayejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi miaka 2 jela. Nimewahi kumsafisha tumbo mgonjwa huku askari amekaa kwenye kiti mlangoni anamsubiri apate nafuu. Sasa muuguzi aliyeyaona hayo, mawazo ya kujidhuru yakimjia, atamwambia nani? Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kile kinakiuka katiba. Nilipoisikia habari ile redioni niliketi kitako. Ilikuwa imechukua muda mrefu sana.

Sababu nyingine haizungumzwi kwenye majukwaa, nami nitaizungumza kwa kuwa nawapenda. Sisi tuna funguo za kabati. Raia akikosa usingizi ataenda kwa daktari, au atalala macho. Muuguzi akikosa usingizi anajua valiamu iko rafu gani. Nimepoteza wenzangu wazuri kwa njia hiyo. Walianza na kidonge kimoja baada ya zamu ya usiku, ili tu walale mchana. Wengine ni pombe, wengine ni muguka wa kukesha halafu kidonge cha kulala. Mwanangu, siku utakapojiona umesimama mbele ya kabati na unayemfikiria si mgonjwa, funga kabati, umpe mwenzako funguo, na siku hiyohiyo umwone daktari wa akili. Huyo ni daktari kama yule wa macho. Na usingizi ukikukimbia majuma mawili mfululizo, au ladha ya vitu ikakutoka, au ukaanza kufikiri kwamba watu wako watapumua ukiondoka, usingoje yaishe yenyewe, na usikae peke yako usiku huo. Mwambie mtu mmoja, kwa maneno yaleyale bila kuyapamba.

Mimi niliamka siku nilipokaribia kumwumiza mgonjwa. Nilikuwa na sindano ya dawa ya kuzuia damu isigande, nimeshapangusa ngozi, mwenzangu akanishika kifundo cha mkono. "Umeshampa." Nilikuwa nimempa nusu saa kabla, nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, na sikumbuki hata kidogo. Hakupiga kelele, hakunipeleka kwa mkubwa wa wodi mbio. Tulipomaliza zamu akaniketisha nyuma ya jengo la kufulia akaniuliza, "Dada, una nini?" Ikawa ndiyo mara ya kwanza tangu janga lianze mtu kuniuliza hivyo na kusubiri jibu.

Kutokana na swali lile tulianza jambo dogo, Machi 2021, watu wanne. Baada ya kukabidhi wagonjwa na funguo, kabla ya mtu kuvua sare, tunakaa dakika kumi. Haiandikwi. Hakuna mkubwa wala mdogo. Unasema ulichobeba usiku ule: nani amekufa mikononi mwako, nini kimekutisha, umelala lini. Wenzako wanasikiliza. Haturuhusu mtu kusema tumezoea. Haturuhusu mtu kumkatiza mwenzake kwa aya ya kitabu, na nasema hivyo nikiwa mtu wa maombi. Aya ina wakati wake, ila ikija mapema mno inaziba mdomo. Kuna kijana mmoja alisema, mbele yetu sote, kwamba anamchukia mgonjwa wa kitanda cha 9. Alikuwa anatetemeka. Hakuna aliyemkemea. Akaeleza kwamba mgonjwa yule ana umri wa baba yake, anakohoa kama baba yake alivyokuwa akikohoa. Zamu iliyofuata aliomba apewe kitanda cha 9.

Na anayekaa nasi si lazima awe muuguzi. Anayedeki sakafu ya wodi ile alivuta hewa ileile niliyoivuta mimi, tena kwa barakoa duni kuliko yangu. Dereva wa ambulensi, mlinzi wa langoni aliyekuwa akiwarudisha watoto wa watu wasimwone mzazi wao, wahudumu wa mochwari: hao hawakupigiwa makofi na mtu.

Mgeni wa heshima, dakika kumi hazilipi kodi ya nyumba. Nakuomba usiende ukaandika kwenye ripoti kwamba wauguzi wa Pwani wamejipatia suluhisho lao. Tunachofanya ni kufunga jeraha kwa kitambaa wakati mshonaji hajafika. Mwaka 2020 serikali ilipokea ripoti ya jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga, ikapendekeza maradhi ya akili yatangazwe dharura ya kitaifa. Karatasi zipo. Wahudumu wanataka mshahara ufike mwisho wa mwezi, glavu ziwepo, wauguzi wa zamu ya usiku wawe wa kutosha, na pawe na mshauri nasaha anayeweza kuonwa bila faili lako kupita mikononi mwa wakubwa wako. Dakika zile kumi nazo ziandikwe kwenye ratiba kama muda wa kazi. Sasa hivi tunaziiba kwenye muda wa kurudi nyumbani, na mwenye mtoto mchanga anayemsubiri hawezi kukaa.

Nimalizie na benchi. Zimbabwe kuna daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda. Mgonjwa wake, msichana, alijiua. Alikuwa ameshindwa kupata nauli ya kumfikia hospitalini. Mwaka 2006 Chibanda alianza na kina bibi 14 katika mtaa wa Mbare, jijini Harare. Akawafunza kusikiliza, akawawekea benchi la mbao nje ya zahanati. Wao hali hii huiita kwa Kishona kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na bibi anapokusikiliza husema anafanya kuvhura pfungwa, kufungua akili. Mwaka 2016 utafiti wao ulichapishwa, na waliokaa kwenye lile benchi walionekana kupata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisi tulisoma, tukamwomba fundi wa hospitali mbao mbili za kitanda kilichovunjika. Benchi letu liko chini ya mkungu, nyuma ya jengo la kufulia.

Pale ndipo niliposema kwa mara ya kwanza kuhusu yule mzee mvuvi. Ilikuwa imepita miezi mingi. Nilisema: binti aliniuliza kama baba yake amesikia, nikamwambia amesikia, na mimi sikujua. Watu wakanyamaza. Kulikuwa na mhudumu wa mochwari, mtu mzima, mpole, si msemaji. Alikuwa anatazama mikono yake. Akasema, "Mimi huwaambia jamaa kwamba nilipompokea uso wake ulikuwa umetulia. Wote nawaambia hivyo." Kisha akanyamaza, nasi tukakaa naye hadi feri ya saa mbili ikapiga honi.

Wale mtakaopangiwa kazi kisiwani, benchi hukaa pia Alhamisi saa kumi na nusu, kwa ajili ya wanaotoka zamu ya asubuhi. Si lazima useme kitu siku ya kwanza. Kahawa chungu na kashata nitakuja nazo mimi.

Asanteni.